Mheshimiwa, Naomba Unifunge

Wiki iliyopita mliniacha mahali pabaya: juu ya maua ya raundabauti ya mji wa Mbale, ndani ya gari lisilo langu, nikimwagiza polisi anijazie tangi.

Kwa asiyenijua, naitwa Enos Omollo. Nilikuwa dereva Jinja, nikikaa Walukuba na mke wangu Khainza, Mgisu wa Wanale. Tajiri wangu alikuwa Kapteni Isa, mwanajeshi aliyegawiwa duka la vyuma baada ya Mhindi mwenye duka kufukuzwa nchini. Kapteni aliposafiri kwenda kwao kaskazini, nilichukua gari lake jeupe la Pijo bila ruhusa nikaenda nalo Wanale kumalizia mahari. Nilitaka wakwe waone kwamba binti yao hakuolewa na mtu wa hivi hivi.

Wakwe wakaniketisha kwenye chungu cha malwa, wakanipa mrija. Mimi mlokole, mwimba besi kanisani, nilikuwa sijawahi kuonja pombe maishani. Lakini utakataaje chungu cha wakwe mbele ya ukoo mzima? Nikaonja. Kisha nikaonja tena ili nijue nilichoonja ni nini.

Yaliyofuata mnayajua. Gari likazuiliwa kituoni kama kielelezo. Mimi nikaachiliwa kwa dhamana, nikaambiwa siku ya kurudi kortini. Kapteni angerejea baada ya kesi kwisha, na mimi ningekuwa nimelipa faini, nimeliosha gari na kuliegesha mahali pake kama ambaye hajafika hata Iganga. Ndivyo nilivyopanga.

Kapteni alirudi siku moja kabla ya kesi.

Nilimkuta dukani amekalia kaunta, anatafuna karanga.

"Omollo, gari yangu iko wapi?"

"Mbale, Afande. Gia boksi ilikataa."

"Mbale ulikwenda kufanya nini?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nikasema, "Kumpelekea mteja misumari, Afande."

Nilisahau kwamba duka lile lilikuwa halijaona msumari tangu mwaka uliotangulia. Rafu zilikuwa tupu. Tulikuwa tukiuza bawaba na kufuli zisizo na funguo.

Kapteni akatafuna. "Gereji ya nani?"

"Ya Waiswa, Afande." Waiswa huyo nilimzaa pale pale.

"Vizuri. Kesho mimi nakwenda Mbale. Nitamsalimia Waiswa." Kisha akacheka, akaninyooshea karanga.

Afadhali angenipiga. Jinja nzima ilikijua kicheko kile. Mhasibu wake wa kwanza alichekewa hivyo hivyo, akapewa lifti, na mkewe alikuwa bado anazunguka kambi baada ya kambi akiulizia. Tena mwaka ule sisi Wakenya tulikuwa tumeharibikiwa. Redio ilitutaja kwa ubaya kila jioni, na Mkenya mwenye gari la mwanajeshi karibu na mpaka hakuitwa mlevi. Aliitwa mpelelezi.

Nilizila karanga zote kwa woga, nikaenda nyumbani.

Khainza alikuwa na kitoto kichanga mgongoni, hajamaliza hata mwezi tangu ajifungue. Nilimweleza yote: gari, maua, korti, gereji ya Waiswa. Nilitegemea alie. Akaendelea kumenya matoke.

"Nilijua, Baba Akeyo," akasema. "Ulikwenda na gari ukarudi na basi. Na mfuko wa shati ulikuwa na karatasi ya korti na ua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nione utaongopa mpaka wapi."

Nikakaa chini.

"Kesho sema ukweli kortini," akasema. "Ni kosa la kwanza, watakutoza faini. Ukitoka usirudi hapa. Shika gari la Tororo, uvuke Malaba, uende kwenu. Mimi na watoto tutakufuata nikipata nguvu."

"Faini nitalipa na nini? Kila kitu nilikipeleka kwenu Wanale."

"Nimemtumia mama ujumbe."

"Mama yupi?"

"Mama yangu."

"Umemwambia mamako kwamba mkwe wake amekamatwa kwa ulevi?"

"Pombe si ilikuwa yake?"

Sasa mnielewe. Kwetu Wajaluo, na kwao Wagisu vile vile, mwanamume na mama mkwe wake hawachezeani. Hawashikani mikono. Hawatazamani machoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona Mama Nabifo kisogo tu, na hata kisogo chenyewe kwa mbali. Wazo kwamba angesikia habari zangu zikisomwa kwa sauti na serikali lilinitisha karibu sawa na Kapteni.

Asubuhi nilipanda basi la kwanza. Njia nzima nilikuwa najifunza uongo mpya. Khainza alisema niseme ukweli, lakini ukweli, nikaona, ni wa watu wasio na matatizo. Nilikuwa nimeamua kusema kwamba sikuwa nimelewa. Nilikuwa na malaria, nikanywa dawa ya mitishamba, ikanizidi.

Kortini wakaniita, nikapanda kizimbani. Nikageuza uso kutazama watu.

Mama Nabifo alikuwa benchi la mbele, upande wa hakimu.

Alikuwa amevaa gomesi ya sikukuu, amejitanda leso kichwani, na pale aliponiona tu akageukia ukuta. Nami nikageukia ukuta wa pili. Tukawa hivyo, kila mtu na ukuta wake.

"Mshtakiwa," hakimu akasema, "korti iko huku."

Hakimu huyo, Bwana Bogere, alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimgeukia kwa shingo tu, mwili ukabaki ukutani, maana kumkabili hakimu ilikuwa ni kumkabili mkwe.

"Shingo inakuuma?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi simama kama mtu."

Nikafumba macho nikasimama kama mtu.

Karani akasoma shtaka: kuendesha gari barabarani hali amelewa. Akaniuliza kama nakubali au nakataa. Nikakataa. Ndipo wakamwita Sajini Erisa, yule polisi wa raundabauti, mtu mpole mwenye tumbo.

"Mheshimiwa, ilikuwa saa tisa mchana," akasema. "Niliona gari nyeupe inazunguka raundabauti. Ikazunguka, ikazunguka. Nikafikiri ni mtu mkubwa anatazama mji. Halafu ikapanda juu ya maua, ikazima."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kwa dirisha. Yeye akanipa funguo akasema, jaza, na uangalie maji."

Watu wakaanza kucheka.

"Ulimjibu nini?"

"Nikasema mimi ni polisi. Akasema hakuna kazi ya aibu."

Korti ikacheka mpaka karani akagonga meza. Nikafumbua jicho moja. Mabega ya Mama Nabifo yalikuwa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na sikuwa na ruhusa ya kujua.

"Mshtakiwa, una la kujitetea?"

"Ninalo, mheshimiwa. Siku ile nilikuwa na malaria kali. Kuna dawa fulani ya mizizi..."

Hapo nikatupa macho dirishani, kama mtu anavyotupa macho akitafuta neno.

Dirisha la korti lilitazama uwanja wa polisi, na Pijo lilikuwa pale. Kapteni Isa alikuwa analizunguka polepole, mkono juu ya bati, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea. Akachuchumaa mbele, akang'oa udongo mkavu uliokuwa umeshika kwenye bampa, akaunusa. Nyuma yake walisimama vijana wawili wenye miwani myeusi na viatu vya visigino virefu. Kwa ambaye hakuishi Uganda miaka ile, hayo ni mavazi tu. Sisi tulijua ni akina nani: makachero wa serikali. Tulijua pia kwamba anayepanda gari na watu hao hana haja ya tikiti ya kurudi.

Kapteni akainua macho akaniona. Akanipungia mkono, akacheka.

"Mizizi gani?" hakimu akauliza.

Niliona njia zangu zote kwa mkupuo. Nikishinda kesi, natoka kwa mlango ule. Nikipewa faini nikalipa, natoka kwa mlango ule. Kesi ikiahirishwa, mlango ni ule ule. Palikuwa na mlango mmoja tu mwingine, mdogo, wa nyuma, unaopelekea mahabusu na lori la magereza.

"Mheshimiwa," nikasema, "hakuna mizizi. Nakubali kosa."

"Umekataa sasa hivi."

"Nilikuwa naongopa. Nililewa, mheshimiwa. Nililewa sana. Naomba unifunge."

Sajini Erisa akanitazama kama mtu anayejiuliza iwapo nimelewa tena.

"Hili ni kosa lako la kwanza," hakimu akasema. "Adhabu yake kwa kawaida ni faini."

"Mimi si wa kawaida, mheshimiwa. Niliharibu maua ya serikali. Nilimtukana sajini."

"Hakunitukana," akasema Erisa kwa haki.

"Nilimtukana moyoni."

"Unajua unachoomba?" hakimu akaniuliza.

Nikatazama dirisha. Hakimu akafuata macho yangu, akatazama uwanjani kwa muda, kisha akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya joho, akaivaa tena. Hakutazama kule mara ya pili. Naye alikuwa na watoto, nadhani.

"Leseni yako inafutwa," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kuhusu adhabu, sheria imenifunga mikono. Lazima nikupe faini. Lakini faini nitakayoitaja ni kubwa. Usipolipa, utakwenda jela miezi sita." Akasita. "Umeelewa? Usipolipa."

Akaitaja. Watu wakaguna. Ilikuwa faini ya mtu aliyevunja benki, na mimi sijawahi kumpenda mwanamume mwenzangu kama nilivyompenda hakimu yule.

"Nimeelewa, mheshimiwa. Sina kitu. Silipi."

"Mpelekeni ndani."

Nadhani mimi ndiye mshtakiwa wa kwanza kumtangulia askari kwenda mahabusu. Erisa alilazimika kunishika shati nisimwache nyuma.

Ndani alikuwemo mtu mmoja, Joash, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, aliyekamatwa na magunia ya kahawa akielekea mpakani. Alikuwa amelala chali na kofia usoni.

"Wewe wa nini?" akauliza chini ya kofia.

"Miezi sita."

"Sikuuliza mingapi. Ya nini?"

"Ulevi kwenye gari."

Akaondoa kofia. "Miezi sita kwa ulevi? Ulimgonga gavana?"

Nilimweleza. Nilipofika kwa Kapteni na vijana wa miwani, Joash aliketi akaacha kutabasamu.

"Basi umecheza vizuri," akasema. "Jela watakusahau. Huko kuna posho na maharage, na maharage yenyewe yana wadudu, lakini ni wadudu wa amani."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikajikuta nimeshika nondo za dirisha na uso wangu umelowa. Nilikuwa nimemkumbuka Khainza na kile kitoto ambacho nilikuwa bado sijazoea jina lake. Hata hivyo nilijipongeza. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoushika ule mrija, Enos Omollo alikuwa amefikiri kabla ya kutenda.

Ni kwenye nondo hizo nilipomwona Mama Nabifo.

Alikuwa anavuka uani kuelekea dirisha la karani, mguu mmoja ukimsumbua, na mkononi ameshika fundo la leso kubwa kama ngumi ya bondia. Nyuma yake alitembea mzee Semei, baba mkwe wangu, na kamba ya ng'ombe begani. Kamba tupu.

Niliijua kamba ile. Nilikuwa nimeinunua mwenyewe.

"Joash," nikasema, "wameuza ng'ombe wangu wa mahari."

"Kwa nini?"

"Wanakuja kunilipia."

Joash akasimama. "Mwambie asilipe."

"Ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo, mwambie."

"Siwezi kumwita. Ni mama mkwe wangu."

Joash alinitazama, naye ni Mluhya, anajua. Akasogea dirishani, akapaza sauti kwa niaba yangu: "Mama. Mama wa gomesi. Usitoe hizo pesa."

Mama Nabifo alimwona mtu wa ndevu nyuma ya nondo anayezungumza habari za pesa zake. Akalikumbatia fundo kifuani na kuongeza mwendo.

"Mwambie kwa Kigisu," nikasema.

"Sijui Kigisu. Wewe ndiye uliyeoa huko."

"Mwite mzee. Mzee Semei."

"Mzee," Joash akaita. Lakini baba mkwe wangu alikuwa hasikii vizuri tangu vita vya Wazungu, na zaidi ya hapo alikuwa ameona gari la mkwewe uwanjani, akawa anamwonyesha Kapteni kwa heshima, kama kusema, hilo ndilo gari la mume wa binti yangu.

Nilimwona Kapteni akiitikia kwa kichwa.

Basi nikavunja mila. Nikaweka mdomo kwenye nondo nikasema kwa Kigisu changu kibovu, kwa sauti ya besi ya kanisani: "Mama, niache. Nataka kukaa humu."

Alisimama. Hakugeuka. Kutoka kisogoni, ambacho ndicho nilichokuwa nakijua, niliona kwamba amenisikia na amefedheheka. Kisha akasema neno moja kwa ukuta wa karani, na karani akapokea fundo.

Baadaye nilikuja kujua alichoambiwa na Khainza: kwamba nina haya, kwamba nitajifanya nataka jela ili nisiwagharimu, na kwamba asinisikilize.

Erisa alikuja na funguo, anatembea kama anayekwenda msibani.

"Umelipiwa. Toka."

"Sajini, nirudishe ndani."

"Siwezi. Aliyelipiwa si wangu tena." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Wale wamesimama kwa geti. Mimi naweza kutafuta ufunguo sahihi kwa muda kidogo. Lakini mkungu huu wa funguo ni mdogo, ndugu yangu. Utakwisha."

Alijaribu funguo zote, na ule wa kweli akaujaribu mwisho. Hiyo ndiyo fadhili aliyoiweza, na mpaka leo namshukuru. Joash aliniwekea kofia yake kichwani.

Nje jua lilikuwa kali, na mlima Wanale ulikuwa umesimama juu ya mji kama siku yoyote. Geti lilikuwa hatua chache. Kapteni alikuwa ameegemea gari lingine, jeusi, lisilo na namba. Vijana wawili walikuwa wamefungua mlango wa nyuma.

"Omollo," akaita. "Nimetafuta Waiswa mji mzima. Hayupo. Kuja, twende umtafute na mimi."

Ndipo nikahisi mkono umeshika wangu.

Ulikuwa mkono mgumu, wa jembe, wenye jasho. Nilitazama chini nikaona gomesi. Nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona mama mkwe wangu uso kwa uso. Alikuwa na macho ya Khainza. Alikuwa amewaona wale vijana, na alikuwa ameelewa kila kitu, pamoja na kile alichokuwa amekinunua kwa ng'ombe wake.

Watu wa mjini walisimama kutazama. Mama mkwe amemshika mkwe mkono mchana kweupe. Mzee Semei alifunika uso.

Hakuniachia. Alinivuta mpaka mbele ya Kapteni, akasimama kati yetu.

Kapteni akamtazama kutoka leso mpaka miguu. "Mama, wewe iko nani?"

"Mimi mama yake," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huyu mtoto yangu. Wewe nataka peleka yeye wapi, peleka na mimi."

Nilisubiri Kapteni akasirike. Akacheka kile kicheko, akasogea pembeni ya mlango uliokuwa wazi.

"Hakuna taabu," akasema. "Gari ni kubwa. Ingieni wote."

Mama Nabifo alikunja gomesi yake vizuri, akainama, akaingia wa kwanza.

Mimi, mwanamume, nilikuwa bado nimesimama nje.